Malalamiko Dhidi ya Seva ya Mas Kuncoro, Iliyokataa Kuharibika

Kwa Pak Tukiran,
Mwenyekiti wa Mtaa, RT 4,
Uchochoro wa Kenanga, Malang.

YAH: OMBI LA KUAMURU MASHINE YA JIRANI YANGU IHARIBIKE

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini goti lako limepoa na mkeo, Bu Tukiran, hajambo. Mimi ni Suyitno, yule wa kibanda cha fotokopi, ambaye mwaka jana ulinikabidhi kipaza sauti cha mtaa nikitengeneze, kikarudi kinanasa redio ya taarabu ya Kijawa. Najua una mambo mazito mezani: mfereji, kuku wa Bu Narti, na bendera za sikukuu ya Uhuru ya Agosti. Lakini nimevumilia, nimevumilia tena, na sasa uvumilivu wenyewe umeniomba likizo.

Kisa ni hiki. Mas Kuncoro, tunayetazamana naye mlango kwa mlango, ni mpiga picha wa harusi na tohara. Hakuna aliyeoa wala kutahiriwa katika uchochoro huu bila kamera yake kuwepo. Picha zake zilikuwa zimetapakaa kila mahali: kwenye flashi, kwenye sidii zilizoota ukungu, na kwenye kompyuta moja kuukuu yenye kimo cha kabati na sauti ya kinu cha mpunga. Siku moja akaja kwangu.

"Mas Yit, nijengee kitu cha kutunzia picha zangu. Bajeti ndogo."

"Ndogo kiasi gani?"

"Ndogo ya kuona haya kuitaja."

"Na umeme?"

"Umeme wetu si unaujua? Mke wangu Rukmini akichomeka pasi, mimi hata kupumua napumua kwa zamu."

Basi nikamjengea seva ya nyumbani. Nilipata kikompyuta kidogo kilichostaafishwa kwenye kaunta ya ofisi fulani, kisicho na feni, kinachokula umeme kama taa ya chooni. Nikakiunganisha na diski mbili za mitumba zinazoandika kitu kile kile, ili moja ikifa nyingine ibaki na picha zote. Nyumba ya diski ni kichanja cha kukaushia sahani, alichokitoa mke wangu kwa moyo mweupe baada ya kukikuta hakipo. Usiku na mchana inawaka, na Bu Rukmini anapiga pasi, anapika wali na kuvuta maji kwa pampu, yote kwa pamoja, na swichi kuu haishtuki.

Hapo ndipo msiba ulipoanza. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haiharibiki. Ile kompyuta kuukuu, Mungu aiweke pema, ilikuwa na tabia njema ya kuzimia kila mara. Ikizimia, Mas Kuncoro huvuka uchochoro ameikumbatia kama mtoto mwenye degedege: "Mas, imekata roho tena!" Nami humwambia aingie, kahawa ipo. Aghalabu ugonjwa ulikuwa waya mmoja uliolegea. Lakini fundi mwema hamharakishi mgonjwa. Tulikuwa tukiifungua, tukiitazama, tukizungumzia bei ya pilipili na ndoa za watu, tukila tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, mpaka jua linakwenda zake. Seva hii haijazimia hata mara moja. Nauliza, Ndugu Mwenyekiti: je, huo ni utu?

2. Haina kelele. Zamani nikisikia mngurumo ng'ambo, najua jirani yangu yuko nyumbani na yu hai. Sasa natega sikio barazani kama mwindaji wa chenene, na sisikii kitu. Mashine yenye adabu hujitangaza.

3. Imemfanya mwenyewe kuwa mtu mashuhuri. Ukiingia nyumbani kwake na simu yako, picha zote unaziona humo humo. Bu Narti alikwenda kumrudishia ungo, akakuta picha ya harusi yake, na ndani yake marehemu mama yake anacheka na mdomo umejaa wali. Alikuwa hana picha nyingine ya mama yake akicheka. Akalia, akacheka, kesho yake akaleta dada zake. Dada zake wakaleta waume. Leo baraza la Mas Kuncoro limejaa viatu kama msikiti siku ya Idi, na langu lina kandambili zangu mimi, moja imekatika. Nilimuuliza mke wangu, "Wanafanya nini kule?"

"Wanatazama picha."

"Na Mas Kuncoro?"

"Anawafungulia."

"Ameniulizia?"

"Si uende ukamuulize mwenyewe? Hapo tu! Au nikukodishie pikipiki?"

Mke wangu ametoka Surabaya, Pak RT. Kule watu husema wanachotaka. Haelewi lalamiko la nne.

4. Imetutia sungkan. Wewe ni Mjawa kama mimi, na maradhi haya unayajua: ile haya inayomfanya mgeni alale na njaa mbele ya sahani iliyojaa, kwa kuwa mwenyeji amemkaribisha mara mbili tu. Siku niliyoikabidhi seva, Mas Kuncoro aliniuliza, "Nikufanyie nini, Mas?" Nikajibu nilivyolelewa: "Ah, hakuna, kitu kidogo tu hiki." Utaratibu unajulikana. Yeye abishe, mimi nikatae, abishe tena, kisha tukubaliane jambo dogo la kumtua mzigo, kwa mfano anipige picha ya pasipoti nitoke kijana. Lakini hakubisha. Alizitazama picha zake zote zimepangana mwaka kwa mwaka, machozi yakamlengalenga, akanishika mkono.

Tangu hapo hawezi kuja kwangu mikono mitupu, na kila akitazama cha kubeba anakiona chepesi. Kwa hiyo anamtuma mkewe. Ameleta rawon, mchuzi mweusi wa nyama, sufuria nzima. Ameleta fenesi. Ameleta fenesi jingine. Bu Rukmini mwenyewe aliniambia, "Pokea tu, Mas Yit, nimechoka kuwa posta." Na Mas Kuncoro mwenyewe, nasikia, akienda sokoni anapita nyuma kwenye mfereji, tusije tukaonana uso kwa uso nami nikamkuta hana kitu mkononi.

Utasema, basi vuka wewe. Nivuke vipi, Pak RT? Nikivuka, uchochoro mzima utasema Suyitno amekwenda kukusanya shukrani. Naye akiniona tu ataanza kufunga fenesi la tatu. Kwa hiyo tumebaki wanaume wawili wenye mvi, tunachunguliana kwa mapazia. Juzi mapazia yalifunguka kwa pamoja. Tuliinama wote wawili, na mimi nikagonga kichwa kwenye dirisha la fotokopi. Nundu bado ninayo. Naiambatanisha kama kielelezo, ukipenda uje uione.

5. Inahatarisha heshima ya RT 4. Mashindano ya dhumna ya Agosti yamekaribia, na jozi lazima ijiandikishe pamoja. Mimi na Mas Kuncoro ndio jozi yako tangu nywele zetu zikiwa nyeusi: yeye anahesabu kete, mimi napiga meza na kutoa maneno. Bila yeye mimi ni kelele tu. Nimejaribu kujifua peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto unaiba, sina ushahidi, lakini nauona unavyoninyamazia. Na RT 5 wamekwisha kuanza. Pak Jumadi wao alisema mbele ya watu, kwenye kibanda cha tofu: "Mwaka huu RT 4 waje na mito, walale zao." Nilitaka kumjibu. Nikageuka kumtazama mwenzangu aniunge mkono, nikakuta nimesimama na mwenye tofu.

Tena, Ndugu Mwenyekiti, tazama mbali. Ikiwa seva moja imevunja jozi moja, itakuwaje kila nyumba ikiwa na yake? Nani atagonga mlango wa nani? Jumapili ya kusafisha mfereji utaita, na kila mtu atakujibu kwamba kwake kila kitu kinafanya kazi, asante. Mtaa ambao hakuna kinachoharibika si mtaa, ni makaburi yenye waifai.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu utoe amri kwamba seva ya Mas Kuncoro iwe inaharibika angalau kila baada ya wiki mbili, kwa ratiba itakayobandikwa kwenye kibanda cha sungusungu. Upige marufuku mkazi yeyote kumpa mwenzake msaada uliokamilika. Kila fundi aache parafujo moja imelegea, kwa ajili ya kesho. Ile kompyuta kuukuu, ambayo sasa iko kwa muuza chuma chakavu ikiwa imewekewa kuku wanaotamia, irejeshwe kwa heshima zote, na kuku wapewe notisi. Na yote haya yakishindikana, basi ulizungumzie jambo hili kwenye mkutano kwa namna yetu, bila kutaja jina. Sema tu "kuna baadhi ya watu," huku ukitazama dari. Wote tutajua ni nani, na wote wawili tutakohoa.

Nisieleweke vibaya. Seva ni nzuri, nimeijenga mimi. Sitaki ipotee picha hata moja, na ile ya mama yake Bu Narti nimejiwekea nakala kibandani, isipatwe na lolote. Ninachotaka ni mashine iharibike bila kuharibika. Sijui hilo hufanywaje. Ndiyo maana naandika kwa kiongozi.

Wasalimie Bu Tukiran, wajukuu, sungusungu wa zamu, mwenye tofu, na hata Pak Jumadi wa RT 5, lakini huyo umsalimie kwa sauti ndogo.

Ni mimi jirani yako mtiifu, mwenye nundu,
Suyitno

Tanbihi: Katibu wako, Bu Wening, ameirudisha barua hii. Anasema malalamiko hayapokelewi mpaka jirani wa mkabala atie saini kwamba ameyasoma. Jirani wangu wa mkabala unamjua. Nimevuka, Pak RT. Niliishika barua kwa mikono miwili kama mpeleka posa. Aliisoma mlangoni amesimama, akafika lalamiko la nne, akaniuliza, "Kumbe na wewe ulikuwa unainama?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Keti, Mas."

Nimeketi. Saini amekataa. Anasema lalamiko la pili si kweli, seva ina sauti, ni masikio yangu yamezeeka. Tukaenda kuhakikisha, tukalaza vichwa vyote viwili kwenye kichanja cha sahani. Bu Rukmini alipita, akauliza, "Mtoto anacheza tumboni?" Sauti ipo, ndogo, kama mchwa. Kwa hiyo lalamiko la pili limefutwa, na ndilo hilo tu lililofutwa leo, kwa kuwa kahawa iliingilia kati. Mas Kuncoro ni mtu wa haki: anasema hawezi kutia saini mpaka kila lalamiko lijadiliwe kikamilifu, moja kwa siku, na kesho kikao kinahamia kwangu. Pia ana malalamiko yake matatu dhidi yangu, anataka yaongezwe.

Kwa sheria za ofisi yako, bila saini barua hii haiwezi kukufikia. Basi isipokufikia, Pak RT, elewa kwamba mambo ni mazuri, na utuandikishe kwenye dhumna.