Nani Atampeleka Amina Beni?

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Leo nimetukanwa na dada yangu wa tumbo moja. Rachida alifika asubuhi, akakataa kiti, akakataa chai. Mtu anayekataa chai ana neno. Neno lenyewe: Jumapili binti yake Amina anakwenda kwa mumewe, mtaa wa Bungulu, kule Beni. Nikaanza kutabasamu. Mimi ndiye mjomba! Kwetu bibi harusi hutoka nyumbani ndani ya gari la mjomba wake. Mjomba asiye na gari hukodi. Mimi ninalo. Nikamwambia nitaliosha mpaka chini ya tumbo.

Akasema Amina atapanda gari la Yassini.

Yassini! Jirani tu. Dereva mwenzangu wa njia ya Butembo na Beni. Si ndugu, si shemeji, hata harufu ya ukoo wetu hana. Nikauliza kwa nini. Rachida akasema barabara ya Beni ni mteremko, na mimi nikikanyaga freni gari linalia mpaka mtaa wetu mzima wa Vulamba unajua nimefika. "Yaya Mashaka, nakupendaka, lakini gari yako, hapana. Mutoto yangu hawezi kushuka Kalunguta mu gari yenye kulia."

Kulia si ugonjwa. Watoto wachanga hulia usiku kucha na hakuna anayewabadilisha vipuri.

Sina wivu. Nimeshindwa kula tu.

Jumanne, tarehe 4 Novemba

Nimekwenda kumpeleleza Yassini. Gari lake ni zee kuliko langu! Limekula kilometa nyingi mno, na anazijua, kwa sababu saa yake ya kilometa ilipokufa aliipeleka kutengenezwa. Ya kwangu ilikufa zamani, nikashukuru. Tangu siku hiyo gari langu halijazeeka hata kidogo.

Alinikuta nimelala chini ya gari lake, natazama magurudumu. Hakukasirika. Hicho ndicho kinachoniua kwa mtu huyu. Alileta mkeka nisichafuke, akaleta chai, akaanza kunifundisha bila kuombwa. Ati gari lililotembea sana halisubiriwi livunjike. Kila akibadilisha mafuta ya injini anafungua na magurudumu, anatazama plaketi, vile vibao vinavyobana disiki ili gari lisimame. Vikikonda anavitoa, hata kama havijaanza kulia. Kulia ni onyo la kwanza; chuma kusaga chuma ni la mwisho. Mafuta ya freni yakipungua, tafuta yanakokwenda. Pedali ikizama, gari likivuta upande mmoja, usukani ukitetemeka unapokanyaga, usisafiri. Mipira ya freni, mkanda wa injini, rotule, yale maungo ya magurudumu, vyote vina muda wao.

Gari langu linafanya yote hayo. Sikumwambia.

Chai yake ilikuwa tamu. Iliniuma sana.

Lakini kilichoniuma zaidi ni waya. Kila kipande kibovu anachotoa garini, Yassini anakitundika kwenye waya mbele ya nyumba, kama mtu anayeanika nguo. Wamama wa biashara wakipita wanavigusa vile vipande, wanatikisa kichwa, wanasema, "Uyu mutu anachungaka roho za batu." Walisema mbele yangu, nikiwa na kikombe chake mkononi!

Nimepata wazo.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Wazo ni hili. Watu hawaoni freni. Wanaona waya.

Nilikwenda kwa Nzanzu, fundi wetu wa hapa Vulamba, nikachagua kwenye lundo lake la vyuma vilivyotupwa. Plaketi zilizokwisha. Mikanda iliyokatika. Rotule moja iliyolegea vibaya, nzuri mno. Nzanzu akauliza ni za nini. Nikasema urembo. Nilipokuwa nageuza gari nitoke, akategea sikio gurudumu langu la kushoto, akasema plaketi imekwisha na sasa chuma kinakula disiki, nimwachie funguo. Nikamwambia nitarudi. Akasema, "Patron, uko nabeba plaketi za bengine, na ya kwako iko nakufa." Mafundi hawana ubunifu.

Waya wangu ni mrefu kuliko wa Yassini. Nilihakikisha.

Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wanasimama kutazama! Mama Kavuo, anayesaga na kuuza unga wa fufu na kupeleka vitunguu vya liki Beni kila wiki, alisimama muda mrefu. Rachida naye akaja. Akautazama waya, akanitazama mimi, akalainika. Akasema basi, Ijumaa Kavuo apande na mimi mpaka Beni. Kavuo akisema gari ni zima, nitampeleka Amina.

Yassini alipita, akaangalia waya wangu, akanipongeza kwa moyo wote. Mnafiki!

Alhamisi, tarehe 6 Novemba

Tatizo dogo. Gari bado linalia, na Kavuo ana masikio.

Nilijaribu kuongeza sauti ya redio. Freni zikaishinda redio. Nikafikiri: mlango ukilia, tunaupaka mafuta. Basi! Nikafungua magurudumu, nikapaka mawese kwenye plaketi, pande zote, bila ubahili. Mawese mazuri ya Beni, yaliyokuwa ya maharagwe. Mke wangu akauliza yamekwenda wapi. Nikasema yamekwenda kwenye heshima ya ukoo. Akasema heshima ya ukoo italala na njaa.

Nikazunguka mtaa. Kimya! Kimya cha gari lililoshuka melini jana. Kusimama kunachukua muda kidogo, lakini sina haraka. Nilitaka kusimama nyumbani kwangu, nikasimama kwa Yassini. Akanipungia mkono. Nikajifanya nimekuja kumsalimu.

Alale vizuri leo. Jumapili atanitazama nikipita na bibi harusi, naye atakuwa amesimama pembeni na chai yake.

Ijumaa, tarehe 7 Novemba

Naandika nikiwa na kitambaa kwenye goti.

Tulitoka vizuri. Kavuo alikaa nyuma na vikapu vya liki. Waya wangu nilikuwa nimeutundika ndani ya gari, karibu na kichwa chake, auone vizuri. Akasifu ukimya wa gari. Nikamsengenya Yassini kidogo, kwa kiasi.

Kalunguta, mteremko ukaanza. Nikakanyaga freni. Pedali ikashuka kama mguu unaingia kwenye uji. Nikakanyaga tena. Harufu ikapanda. Kavuo akauliza ni nani anakaanga ndizi za makemba. Nikasema ni wakulima. Moshi ukaingia dirishani. Na mbele yetu, barrière, kizuizi! Kamba imevutwa, askari ameinua mkono, anapiga kelele, "Telema! Telema!" Asimame nani? Nani alitaka kusimama kuliko mimi? Nikavuta freni ya mkono, ikabaki mkononi. Nikakata usukani, tukaacha barabara, tukapanda lundo la mchanga la mtu anayejenga. Gari likasimama.

Hakuna aliyeumia, ila goti langu. Kavuo alitoka na liki kichwani. Mimi nilibaki nimeushika usukani. Niliogopa. Kama Amina angekuwa nyuma! Hilo naliandika hapa na sitalisema popote.

Kisha Kavuo akaona waya wangu umelala mchangani. Akashika mkanda mmoja, akaugeuza, akaugeuza tena. Akasema huo si mkanda wa gari. Ni wa mashine yake ya kusaga fufu. Ulikatika, akamwachia Nzanzu autupe. "Mashaka! Gari yako ilianza kusaga fufu lini?" Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Na nani alitokea akirudi kutoka Beni? Yassini. Ana kamba ya kuvutia gari. Mpya, bila shaka. Alimpandisha Kavuo mbele, akanivuta mimi nyuma, tukapanda kilima chote mpaka Butembo, na kila mtu niliyewahi kumfahamu maishani alikuwa barabarani.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Rachida alikuja. Kavuo alikuwa amemweleza yote, na mke wangu akaongezea habari ya mawese. Akasema ningemuua mtoto wake kwa ajili ya sifa. Nilikuwa na jibu, jibu zuri, lakini alikuwa analia, nikalimeza.

Baadaye akaja Amina mwenyewe, na hina mikononi. Akakaa kando yangu kwenye ngazi. Akasema yeye hakuomba gari zuri. Tangu utoto alikuwa anawaambia wenzake kwamba siku yake mjomba ndiye atakayempeleka. "Mujomba, nilikuwa nakungojea weye. Sasa juu ya nini haukutia tu freni mupya?"

 Nililia, nikasingizia moshi. Hapakuwa na moto popote.

Akaomba nikae naye kesho ndani ya gari la Yassini, ubavuni pake. Nikakubali. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Tumefika. Salama, kwa bahati mbaya.

Kalunguta yule mtu alishuka kama anamwaga maziwa kwenye kikombe. Anakanyaga kidogo, gari linatii. Hakuna kilio, hakuna harufu. Barrière ileile, askari walewale, wakanitambua, wakauliza kama leo nimeleta unga. Yassini akasimama mbele ya kamba bila hata kuigusa. Amina alikuwa amelala begani kwangu. Amelala! Kwenye gari langu hajawahi kufumba hata jicho moja. Nilifurahi sana na nikaumia sana, vyote upande uleule wa kifua.

Bungulu walitupokea kwa vigelegele. Mama mkwe wa Amina akaja moja kwa moja na mbuzi wa mjomba, beberu mnene, akamkabidhi kamba Yassini! Akamshukuru kwa kumlea Amina na kumleta taratibu hivi! Nikanyoosha mkono, ukabaki hewani. Yassini naye akaanza kueleza, lakini vigelegele vilimzidi. Ni Amina aliyenishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Mujomba yangu ni huyu." Kamba ikahamia kwangu. Sijawahi kushika kitu kwa nguvu namna ile.

Tulirudi jioni. Mbuzi wangu amepanda gari la Yassini. Akalala pia, msaliti.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Asubuhi Yassini alikuja na plaketi mpya ndani ya boksi. Alikuwa ameziweka akiba kwa gari lake. Ati ni ujirani tu. Ati nizipeleke kwa Nzanzu leo hii, disiki ibadilishwe, na zile rotule zitazamwe. Aliondoka kabla sijapata tusi.

Nilikaa na lile boksi, nikafikiri. Nikizifunga, kila nitakaposimama nitakuwa nimesimama kwa hisani ya Yassini. Amina akija kututembelea, nimpakie, afike mzima, sifa ziende kwa nani? Hapana. Hapana kabisa!

Nikaenda sokoni, nikazibadilisha na honi. Honi ya lori, ya midomo mitatu, mpya kama zile plaketi. Nzanzu alikataa kuifunga. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu mzima. Nikaifunga mwenyewe. Inatikisa mabati! Sasa watu watatoka njiani kabla sijafika. Askari wakiisikia watalegeza kamba wenyewe. Na mtu ambaye njia iko wazi mbele yake anasimama kwa ajili ya nini?

Kesho nashuka Beni kumsalimu Amina. Nimempitia Kavuo kumwambia nafasi ipo. Akafunga mlango. Nimempitia Rachida. Akafunga na dirisha.

Mwisho nikasimama mbele ya nyumba ya Yassini, mbele kidogo ya pale nilipotaka, nikaipiga honi mpaka akatoka mbio. Hakuitazama hata. Akaangalia magurudumu yangu, akaangalia uso wangu, akauliza kwa sauti ndogo plaketi ziko wapi. Midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Wivu! Nimeuona kwa macho yangu mawili. Masikini, sikujua kwamba ni mtu wa namna hiyo.