Malalamiko Kuhusu DNA Kukosa Mwenyekiti

Kwa Mwalimu Wechuli wa Bayolojia,

Wewe mwalimu umeniharibia kikundi, na salamu sikupi mpaka nimalize.

Mimi ni Beldina, nyanya yake Debra wa Kidato cha Nne. Shule niliacha darasa la tatu, lakini huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa mwenyekiti wa akina mama wa Obunga wanaofuma sweta za shule yenu. Jumatatu Debra alitusomea daftari lake tukifuma. Tangu hapo wanawake wanauliza mwenyekiti ni wa nini. Jumamosi wanapiga kura kama nibaki. Basi sikia:

1. Umefundisha kwamba DNA ikijinakili, helikesi anafungua nyuzi mbili zilizosokotana, na protini wengine wanazishikilia zisirudiane. Nani amewatuma? Debra anasema hakuna. Kwangu, nisipopiga makofi, Nduta hafungui hata mfuko wa uzi.

2. Praimesi anaanzisha kipande kidogo, polimeresi anaendelea. Upande mmoja anafuma moja kwa moja, upande wa pili vipande vipande, kinyumenyume, halafu laigesi anakuja kuunga. Kazi ya kinyumenyume, na hakuna wa kukaripia?

3. Hili ndilo limeniumiza. Eti polimeresi akikosea, anarudi mwenyewe, anatoa kosa, anaendelea. Mwalimu, kuona makosa ya watu ndiyo kazi yangu. Nina kiti chake. Kina mto.

4. Hakuna maombi ya kufungua, hakuna chai. Nduta sasa anajiita Helikesi. Mama Elsie, ambaye anaunga mikono ya sweta, ni Laigesi, na haniamkii.

Kwa hivyo naomba kwa heshima uifundishe DNA upya kabla ya Jumamosi, ikiwa na mwenyekiti, mwanamke, mtu mzima.

Sasa salamu: kwako, kwa mke wako, kwa walimu wote, na kwa mpishi wa shule, mwambie maharagwe huwa yanaiva.

Ni mimi,
Beldina, Mwenyekiti (bado)

N.B. Jana nilishinda kliniki ya macho. Nilirudi nikakuta sweta ishirini zimekwisha na kukunjwa. Moja tu ilikuwa imefumuliwa ikaanzwa upya: yangu, niliyoifuma bila pa kupitisha kichwa. Nduta aliona, akatengeneza, hakumwambia mtu. DNA usiiguse. Kiti nitakuja nacho mwenyewe. Wewe nitafutie huko ndani ya DNA kazi ya mtu wa kukaa, na umpe Debra jibu Ijumaa.