Vita vya Waya Uliobanduka

Tegeni masikio, nyinyi nyote mliowahi kushika kitu kidogo kwa mikono inayotetemeka, niwasimulie vita vilivyopiganwa juu ya punje isiyozidi mbegu ya ufuta, na jinsi Mama Baridi, mpoza mawe, mwindaji wa sifuri, alivyotoka humo akiwa na macho yake yote mawili.

Miaka kumi na mmoja mwanafizikia huyu alilisaka jiwe ambalo, likipozwa sawasawa, hupitisha umeme bila ukinzani hata chembe. Alisaga, akachoma tanuruni, akapoza kwa nitrojeni ifukayo moshi mweupe, na mawe yakamdharau. Sasa mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa, na hii ilikuwa Jumatano.

Asubuhi hiyo kipimo kikasoma sifuri.

Mkuu wa maabara, bwana wa funguo na mihuri, alifika mbio, kamba ya kiatu ikimfuata nyuma. Nitrojeni ikaisha, chombo kikapata joto, kikawa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani. Sifuri ikakaa palepale.

"Bila baridi," alisema Mkuu, akiunyanyua mkono wa simu kama mtu achomoaye upanga. "Dada yangu, dunia nzima inakitafuta kitu hiki. Mimi na wewe tutaandikwa."

"Nipe nusu saa nifungue chombo, Mkuu."

"Ufungue nini tena? Sifuri si hiyo unaiona?"

"Naiona, ndiyo maana siiamini. Jiwe likipata joto, ukinzani hurudi. Hili langu nalijua, halina adabu ya kutulia hivyo."

Fundi wa gesi, mzee kuliko mitungi yake, akatia neno. "Mama, Ijumaa ni keshokutwa. Ukifungua ukakuta hitilafu, ndiyo utakayorudi nayo nyumbani. Usipofungua, nani atajua?"

"Mimi, mzee wangu."

Kwa muda wa pumzi tatu, miaka kumi na mmoja ilining'inia kwenye skrubu sita. Akazifungua zote.

Chini ya hadubini zilionekana nyaya nne, nyembamba kuliko unywele: mbili za kupeleka umeme, mbili za kupima. Mmoja wa hizo za kupima ulikuwa umebanduka kwenye jiwe na kumlalia mwenzake begani kama mlevi, hivyo kipimo kilikuwa hakipimi jiwe lolote, kinasikiliza nyaya zikinong'onezana.

Hapo shujaa akatwaa kibano, akauchovya waya kwenye gundi yenye unga wa fedha, akaacha kupumua. Mara ya kwanza waya ulikimbilia kushoto. Mara ya pili ulikataa kuachana na kibano. Mara ya tatu Fundi alipiga chafya, na aliyoambiwa hayaandikiki. Mara ya nne waya ulitua, ukalala, ukatulia. Kipimo kikasoma ohmu tatu: ukinzani wa kawaida, wa jiwe la kawaida, lisemalo kweli.

Mkuu alikuwa ameshapiga simu, na upande wa pili umeshapokea.

"Mkurugenzi," alisema. "Nina habari. Mtafiti wetu amebandika waya." Akasikiliza. "Ndiyo, mmoja." Akasikiliza kwa muda mrefu zaidi. "Hapana, hakuna sifuri. Lakini nakuomba mkataba wake uongezwe, kwa sababu angeweza kuuacha waya ulivyokuwa, na mimi ningekupigia kukwambia mengine."

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: Jumatano, saa tano na dakika kumi, waya ulibandikwa, na ukashika.