Hesabu Kubwa ya Meno

Jumatatu, 5 Julai 1993

Ukungu hadi saa nne. Atuganile, kitinda mimba wangu, kaleta fomu ya kuchagua mchepuo wa kidato cha tano. Anataka kuwa daktari wa meno. Binti yangu! Nyumba hii ilishatoa mwandishi (mimi), sasa inatoa daktari. Fomu inatakiwa shuleni Ijumaa.

Yeye anataka PCB: Fizikia, Kemia, Bayolojia, na ile hesabu ndogo ya kusindikiza. Nimekataa. Hesabu ndogo, kwa ukoo wangu? Nimemweleza kwamba taya ni wenzo na sindano ya ganzi ni suala la pembe. Achukue PCM, yenye hesabu kubwa badala ya Bayolojia. Kajibu kwa upole kwamba bila Bayolojia chuo hakitampokea. Maneno ya Mwalimu Jotham, mkuu wao wa shule. Nimemwambia zama za kumeza maneno ya wakubwa zimekwisha, hili ni soko huria, hata la mawazo. Kisha nikamwamuru anitii.

Kuna sababu nyingine. Suleimani, fundi cherehani wa mtaani kwetu, ametamba kwa kinyozi kwamba binti yake Najat anachukua hesabu kubwa, awe injinia. Nikatangaza palepale kwamba wangu atachukua kubwa zaidi. Kinyozi akauliza kubwa zaidi ni ipi. Kuna maswali ya kinyozi na maswali ya wasomi.

Jumanne, 6 Julai

Nahitaji ushahidi wa kitaalamu. Mtu pekee ninayemjua aliyesomea meno ni Anneth, mke wa mwanangu Noah, anayeng'oa meno kliniki ya hapa mjini. Tatizo: ni mkwe wangu. Kwetu Wanyakyusa baba hakutani na mke wa mwanawe. Wakikaribiana njiani, mmoja anaingia migombani. Miaka sita sasa, namjua kwa kikohozi tu.

Mila iliyopitwa na wakati! Nimeishambulia kwa makala tatu. Gazeti lilichapa moja. Lakini kuandika ni kuandika, na mkwe ni mkwe.

Nimemtuma mama Noah. Karudi na jibu: Bayolojia ni lazima, hesabu ndogo inatosha. Nimelikataa. Ushahidi uliopita kinywani mwa mtu wa tatu, mahakama yoyote ingeutupa. Mama Noah kasema basi mahakama ikanipikie. Nimekula viazi vya jana.

Jumatano, 7 Julai (Saba Saba)

Sikukuu. Akili haina sikukuu. Suleimani ana gego bovu. Kajifunga skafu kichwani, anapunguza suruali za mitumba huku akiilaani mitumba kwa kumnyang'anya wateja. Nimemhurumia kwa dakika mbili, kisha nikampa mpango: kesho aende kliniki, amuulize Anneth kuhusu hesabu, mimi nitakuwa nje, chini ya dirisha, nisikie kwa masikio yangu. Hakuna kukutana, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjwa. Sheria safi kabisa.

Suleimani kaogopa koleo. Nikamwambia mtu anayemlea injinia haogopi koleo. Kakubali.

Alhamisi, 8 Julai

Nilijibanza chini ya dirisha na gazeti lenye makala yangu, ile iliyochapwa. Manyunyu. Nikasikia Suleimani akiuliza, Anneth akicheka. Nikanyoosha shingo kidogo. Kidogo tu! Naye akaja kufungua dirisha apate mwanga.

Uso kwa uso. Nilijifunika kwa gazeti, nikarudi nyuma, nikaangukia mtaroni, taya likagonga ukingo. Ndani, kishindo cha trei. Suleimani kanisimulia baadaye: Anneth alikuwa amechutama nyuma ya kiti, kajifunika kanga kichwani, na Suleimani kaachwa mdomo wazi, pamba ndani. Kisha sauti ya mkwe wangu, ya heshima sana:

"Mzee Suleimani, ukitoka umwambie mtu ambaye sikumwona. Fizikia, Kemia, Bayolojia, na hesabu ndogo. Meno ya mtu ni thelathini na mawili. Nimeyahesabu miaka minane sasa, hesabu kubwa haijahitajika."

Nilitambaa hadi barabarani. Suleimani alinikuta pale, shavu lake limevimba.

"Bwana mwandishi," akasema, "mie nimetoka bila jino, wewe umetoka na tope. Nani kafaidi?"

Ana wivu.

Ijumaa, 9 Julai

Mji mzima unajua. Sasa kurudi nyuma ni aibu. Nimeandika PCM kwa wino, herufi kubwa, nikaipeleka fomu mwenyewe. Atuganile kaniangalia tu, kasema, "Safari njema, baba." Nikaona ameelewa.

Mwalimu Jotham kaipokea, kaisoma, kafungua faili. Ndani mna fomu ya Atuganile, imepokelewa Jumanne. PCB. Sahihi ya mzazi: mama yake. Kumbe kila mwanafunzi hupewa fomu mbili, moja ya kujaribia ili asiharibu ya kweli. Mimi nimekuwa na ile ya kujaribia wiki nzima.

Jotham kanirudishia kwa mikono miwili, kasema mwandiko wangu ni mzuri.

Niliondoka kifua mbele. Mtoto amemzidi hila baba yake! Kwa nani amezirithi? Si kwa mama yake.

Jumamosi, 10 Julai

Nimepita kwa kinyozi kumjulisha kwamba PCB ni ushauri wangu wa siku nyingi, na kwamba hesabu kubwa ni kwa watu wasiojiamini. Suleimani alikuwepo. Kacheka, kisha kashika shavu.

Nimeanza makala ya nne dhidi ya mila ya kumkwepa mkwe. Kali kuliko zote. Noah atampelekea mkewe aisome.

Jino limeanza kuuma, upande uliogonga mtaro. Mama Noah kasema kliniki inafunguliwa Jumatatu, na mng'oaji ni mmoja. Nimemwambia hakuna haja. Nimelichora taya kwenye karatasi, nikapima pembe. Kwa hesabu kubwa, maumivu yataisha yenyewe Jumanne, saa nne asubuhi.