Mlango wa Nyuma wa Injinia Elinaja

Theluji ya kwanza ya Novemba 2018 ilikuwa bado inasitasita, lakini kijiwe cha wahamiaji wa mji wa Richfield, meza ya dirishani mgahawani kwa Donatille, kilishakaa. Hemed, dereva wa basi aitwaye Hakimu kwa kupenda kuhukumu, alikuwa akisoma habari simuni.

"Sikilizeni upuuzi. Kampuni ya simu imeshtakiwa kwamba duka lake la app halitaki mshindani. Mawakili wanajibu: sisi hatuuzi, ni wenye jengo tu. Mshtakini muuzaji."

"Mwenye jengo anayekata fungu kwa kila kinachouzwa?" akadakia Janvier, mfanyakazi wa hospitali waliyemwita Docteur. "Banatuona wajinga. Mwenye ukumbi anakula pilau ya ndoa yako, ukilalamika anasema, ah non, mimi sikukuoa."

Elinaja, fundi wa programu, alicheka kishingo upande. App yake ya hadithi za kuwafundishia watoto Kiswahili ilikataliwa na duka hilo hilo, kwa kuwa hakutaka kuwakatia fungu. Binti yake mwenyewe akiitwa kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na hilo lilimuuma kuliko alivyokiri.

"Eti wanatulinda na wezi," Hemed akaendelea. "Fisi kapewa bucha, anataka na shukrani. Tena eti hakuna aliyefungiwa. Anayetaka app ya nje aiingize mwenyewe, simu itamwonya tu. Eti watu wenyewe ndio wanaolipenda duka."

"Menteurs, waongo hao," Janvier akasonya.

"Basi, app yangu mimi iko kwenye tovuti yangu," Elinaja akasema. "Hakimu, lete simu nikuwekee, wanao waanze leo."

Hemed akaitoa kifua mbele. Elinaja akabonyeza, likatokea onyo jekundu: programu hii inaweza kudhuru simu yako. Hemed akaipokonya simu kama anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Taratibu, kaka. Humu nina picha za harusi."

"Si umesema ni upuuzi?"

"Ndiyo, lakini wameandika kwa nyekundu."

Janvier alishatia yake mfukoni. "Mi ntangojea ikubaliwe kule dukani, ndugu."

Donatille akaweka birika chini. "Hakimu, wiki jana ulikunywa unga wa mizizi ulioletwa na msafiri usiyemjua, ndani ya chupa ya shampuu."

"Ule ulitoka nyumbani, Tanga."

"Na Elinaja ametoka wapi?"

Elinaja akafungua kompyuta yake, akayatafuta masharti ya duka, lile fungu likiwemo, akabonyeza Nakubali.

"Unawapigia magoti?" Hemed akauliza, kwa hasira ya kweli.

"Mawakili wao nimewadharau bure," Elinaja alisema akivaa koti. "Wameiambia mahakama nyinyi wenyewe ndio mnaowataka. Hawakusema uongo."