MP3 Yangu na Sabuni ya Léocadie

Jumatatu, 12 Novemba 2012
Kyakimwa mwanangu, Ingleburn iko mbali kiasi gani? Treni zimekufa? Tangu Pasaka hujakanyaga hapa Liverpool! Basi daftari hili nitakutumia kwa posta, usome mwenyewe yaliyonipata. Shule sikwenda, herufi nilizipata kanisani. Usinicheke.

Léocadie amenunua MP3, kile kimashine cha nyimbo cha mfukoni. Nyekundu, nene kama sabuni ya kufulia. Ina redio, ina spika tumboni. Anataka ianzishe nyimbo za kwaya. Mimi ndiye mwanzishaji tangu kambi ya wakimbizi! Leo nipokonywe na sabuni? Pasta Méthode kasema tuisikilize kwanza. Nikamwambia hata mimi ninayo, na yangu inaishinda.

Sina kitu.

Jumatano, 14 Novemba
Dukani. Nimejaribu tatu. Ya kwanza kioo kizuri, sauti ya nyuki ndani ya chupa. Ya pili besi tupu, meno yangu ya bandia yakatikisika. Ya tatu nyembamba, ya rangi ya fedha. Haina redio, haina spika. Lakini sauti! Nilisikia hata mwimbaji akivuta pumzi. Nikaimba naye. Kumbe duka zima lilikuwa linanisikiliza. Mlinzi akaja kuuliza kama naumwa. Nikamwambia aniache, niko kanisani.

Nimeinunua. Léocadie amekwisha.

Jumamosi, 17 Novemba
Aibu mazoezini. Nyaya za masikioni ni jozi moja, kina mama wa kwaya ni wengi. Nikawapanga wawili wawili, kila mmoja sikio lake, kama tunavyogawana chochote. Cécile akasema anasikia gitaa tupu, kimashine kimemeza waimbaji. Rispah, yule nesi Mkenya, akasema waimbaji wapo, gitaa ndilo halipo. Wakabishana mpaka wakasimama. Kisha Rispah akanieleza kwamba kila upande una sauti zake, mtu mmoja avae zote mbili. Nikamuuliza, na mwenzake asikilize nini, tumbo lake? Uchoyo gani huo!

Léocadie akaweka sabuni yake mezani. Ikalia kama bati linalokwaruzwa. Wote wakaimba, wakacheza. Pasta akasema kesho itaanzisha hiyo, mimi nikae mstari wa pili. Wa pili! Léocadie akaniambia pole dada, dunia inakwenda mbele. Nikamwambia iende, ila imkanyage njiani.

Jumapili, 18 Novemba
Mstari wa pili. Sabuni ilipoanza kulia, nikachomeka nyaya zote mbili chini ya kitambaa cha kichwa. Sitaki kusikia ushindi wake. Mle ndani, utamu! Gitaa na waimbaji pamoja. Nikafumba macho. Nilipofumbua, kanisa zima linanitazama. Nikadhani ni wivu.

Nje Rispah akaniambia. Sabuni ilizima katikati ya wimbo. Pasta akaniita nianzishe. Akaita tena. Mimi macho nimefumba, natikisa kichwa! Wakajua nakataa. Ibada ikaisha bila wimbo.

Jumatatu, 19 Novemba
Léocadie amekuja na sombe, majani yetu ya muhogo, bado ya moto. Amelia kidogo. Anasema hawataki mashine tena, wanataka sauti yangu, Jumapili nirudi mbele. Tumekula sahani moja, nikamwongeza. Lakini nimemsoma: anaogopa. Anajua yangu ni nzuri, imekosa spika tu. Nimemwambia sirudi mbele mikono mitupu.

Ukija Jumamosi, Kyakimwa, usiniletee keki. Pitia dukani uniletee spika. Kubwa. Ile ambayo kwenye treni itahitaji kiti chake.