Lita Saba kwa Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Jana nilitangaza mbele ya kanisa lote la Kanyakine: mbuzi wa zawadi kwenye mbio za Jumamosi ni wangu! Baba mkwe nimemwalika Jumapili aje tumle. Makandi, mke wangu, akauliza nilikimbia lini mara ya mwisho. Dharau! Nina mpango. Nitajaza mwili maji mapema kama tangi. Jirani yangu Kiambi, bingwa wa miaka mitatu, atakauka njiani.

Jumanne, 5 Agosti
Lita saba kufikia saa saba mchana. Safari za choo: kumi na tisa. Kichwa kinagonga, na nimemwita Makandi kwa jina la ng'ombe wetu. Akanikokota kwa nesi Gatakaa. Nesi akasema mwili si tangi. Figo hutoa maji ya ziada, lakini ukizishinda, chumvi ya damu inakuwa hafifu na ubongo unavimba. Watu hufa hivyo, akasema. Ninywe nikisikia kiu, basi. Kumbe shida ni chumvi! Si angesema mapema?

Alhamisi, 7 Agosti
Nimelamba jiwe la chumvi la ng'ombe. Asubuhi, mchana, jioni. Ng'ombe ameninunia. Kiu, wueh! Nesi nikampata dukani. Akasema ubongo umehisi chumvi imezidi kwenye damu, ndiyo maana unadai maji, na figo zimeambiwa ziyabane yaliyopo. Akauliza chumvi yote hiyo nimeitoa wapi. Nikasema ni supu.

Jumamosi, 9 Agosti
Kiambi alikunywa kikombe cha uji tu. Mimi nilikuwa na kipande cha lile jiwe mfukoni, nalamba nikikimbia. Kilomita ya pili kiu ikanishinda. Nikapiga magoti mtoni, nikanywa mpaka nikatapika. Nikamaliza wa mwisho, nyuma ya mama mchungaji. Aibu! Kiambi, mshindi tena, akanipa mbuzi nimshikie akipokea pongezi za watu. Mbuzi akanilamba jasho mpaka viwiko. Angalau yeye alinichagua mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Baba mkwe akafika. Makandi alikuwa amepika kuku. Mzee akauliza mbuzi yuko wapi. Harufu ya nyama choma ikaja kutoka kwa Kiambi. Mzee akasema anaenda kumpongeza bingwa mara moja tu. Makandi akamsindikiza. Saa tatu zimepita, hawajarudi! Nimekaa na kuku aliyepoa, na imeniuma sana.

Lakini kosa nimeliona. Maji ni mazito! Mwaka ujao, siku mbili kabla ya mbio, sinywi hata tone.